Wavu Mpya wa Jiko Letu

Troy, New York
9 Novemba 1884

Dada yangu mpenzi Almira,

Usishtuke kuona mwandiko wa Orrin. Mimi nasema, mume wangu anaandika, na makosa yote ni yake.

Maboga tumevuna mengi, na jiko letu lina wavu mpya wa chuma chini ya moto. Tangu macho yangu yaanze kufifia, nilikuwa nachokoa majivu kwa kupapasa, hadi Agosti nikashika kaa la moto. Orrin alinifunga kiganja huku analia. Amekataa kuandika hilo, nimemlazimisha.

Kiwandani kwao wanakosubu majiko kwa kumimina chuma kilichoyeyushwa, aliomba watengeneze wavu unaozungushwa kwa mpini wa nje. Bosi akacheka. "Kwani wanawake hawana mikono?"

"Wangu anayo miwili," Orrin akamjibu, "na naitaka yote miwili."

Akausubu mwenyewe baada ya kazi. Sasa nazungusha mpini, majivu yanadondoka kwenye droo, sigusi kitu.

Daktari anasema baridi hii ikiisha, macho yatakuwa yamezimika kabisa. Njoo kabla ya Krismasi, dada. Nataka nikutazame uso mpaka nishibe.

Mdogo wako akupendaye,
Lovina