Harufu ya Godoro la Chiriku

Nyumba ya kona,
Nyuma ya soko la mboga,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umepunguza kuuma na baridi ya huko imelegea kidogo. Sisi hatujambo. Shemeji yako anakusalimu; bado anatengeneza majokofu, na bado anarudi nyumbani na bisibisi mfukoni, kila suruali nimeshaitia kiraka. Mimi naendelea na ususi wangu. Baba ni mzima, ila magoti yanamgomea akiinuka, naye anayasemesha kama watu. Chiriku wetu ametimiza miaka sita. Meno mawili ya mbele yameng'oka, na maneno sasa yanatoka kwa wingi zaidi maana mlango umepanuka.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Tulipoongea wiki iliyopita nilikuwa na jambo mdomoni, nikashindwa kulitoa. Kwenye simu mtu anasema "haloo, unanisikia?" na jambo limeshapita. Nimeona afadhali nikae niandike.

Lilianza na godoro. Kitanda cha zamani cha Chiriku kilikuwa kimeshakuwa kifupi kwake, miguu inaning'inia nje. Shemeji yako akamtengenezea kingine kwa mbao, akaenda duka la magodoro karibu na stendi, akarudi na godoro la sponji kichwani, limefungwa nailoni linang'aa. Chiriku alilipokea kama anapokea mgeni. Tulichana nailoni, tukatandika hapo hapo.

Dada, harufu iliyotoka humo sijui niifananishe na nini. Kama rangi mbichi, gundi ya viatu na mafuta ya taa vimetiwa chungu kimoja. Tukasema ni upya, itaisha. Chumba chake unakijua, ndicho kile chenye dirisha moja dogo tunalolifunga kwa sababu ya mbu.

Siku ya tatu aliamka kimya. Chiriku kuwa kimya asubuhi ni jambo la kuitia watu. Macho mekundu, kichwa kinamuuma, na kikohozi kikavu kinachomkata katikati ya sentensi. Nikamwuliza umelalaje, akasema godoro linampulizia.

Kwenye saluni yangu kila mteja alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema niweke mkaa kwenye sahani chini ya kitanda, mwingine unga wa kahawa, mwingine nipanguse kwa siki. Niliweka vyote, chumba kikanuka kama jiko la mtu aliyechanganyikiwa. Shemeji yako naye akapulizia manukato. Hapo ndipo tuliharibu kabisa. Sasa ilikuwa gundi inayokwenda harusini. Muuza magodoro tulipomrudia alituambia harufu ni dalili kwamba mali ni mpya, tushukuru.

Siku ya tano nilimpeleka zahanati. Daktari alimsikiliza kifua, akauliza nyumbani kuna kitu gani kipya. Nilipomtajia godoro akaweka kalamu chini. Akasema mtoto asilale tena chumba kile kwa sasa, godoro litoke nje lipigwe na hewa mpaka liishe harufu, hata kama ni wiki kadhaa, madirisha yaachwe wazi, na tuache kupulizia vitu juu yake. Na kifua kikianza kupiga mluzi, tumrudishe mbio.

Nikiwa njiani kurudi nikakumbuka godoro la Mama. Lile la sufi, la kitambaa cha michirizi ya buluu, la mwisho Baba kulishona kabla hajafunga karakana yake ya magodoro. Tangu Mama atutoke liko stoo, limefunikwa shuka. Nikasema basi, mtoto atalala juu ya kazi ya babu yake.

Niliposhika tu kile kitambaa, Dada, nilirudi utotoni mzima mzima. Unakumbuka rundo la sufi kule karakana, jeupe, limefika kwenye dari? Tulikuwa tunajitupa humo mpaka tunapotea. Tunatoka nywele nyeupe, Mama anatuita vibibi viwili. Unakumbuka tulivyoitwa kukanyaga magodoro yaliyojazwa, wewe unahesabu mpaka mia na mimi naruka nje ya hesabu? Na fimbo ya Baba ikichapa sufi, pwa, pwa, tangu asubuhi, na ilipokuwa ikinyamaza tulijua chakula kiko tayari. Sijawahi kulala tena kama nilivyolala kwenye nyumba ile, mgongo wangu umegusa wako, na pazia tu kati yetu na kazi ya Baba. Nilikaa pale stoo nikalia kidogo, si kwa uchungu. Ni ile tu ya mtu aliyekutana na jambo zuri bila kutarajia.

Nikaliburuta mpaka uani. Baba alikuwa anatoka kuota jua. Aliponiona alisimama.

"Unalipeleka wapi?"

"Kwa Chiriku, Baba. Daktari amesema asilale kwenye lile la sponji."

"Lirudishe."

Nilidhani ni kwa ajili ya Mama, nikaanza kumbembeleza. Akagonga fimbo chini.

"Nimesema lirudishe ndani. Mmoja alishakohoa juu ya sufi yangu. Yatosha."

Nikamwuliza ni nani. Baba akageuza ndoo, akaikalia.

Ni wewe, Dada. Nakuandikia kama alivyoniambia, sikuongeza wala sikupunguza. Tangu ulipokuwa na miaka saba ulikuwa unakohoa, na nyumba nzima ilidhani ni mafua. Siku moja ulibanwa mpaka midomo ikabadilika rangi. Mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki. Daktari wa wakati ule alimwambia Baba kwamba ni vumbi la sufi linalokusonga. Akamwambia mtoto huyu atoke nyumba ile, ama kazi ile itoke. Baba hakuwa na kazi nyingine mkononi, na wadogo zake wote walikuwa wanakula kwenye sindano ile. Ndipo alipokupeleka kwa Shangazi. Ulikuwa na miaka tisa. Wakakuambia kule kuna shule nzuri.

"Mbona hukumwambia?" nilimwuliza.

"Ningemwambia nini mtoto wa miaka tisa? Kwamba kati yake na sufi, nilichagua sufi?"

Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Kila godoro nililoshona baada ya hapo, nililishona nikijua."

Mama alijua, na alimwachia Baba achague siku ya kukuambia. Siku hiyo haikufika.

Sijasahau ulichoniambia kwenye msiba wa Mama, tulipokuwa tunaosha vikombe. Ulisema Baba alikuwa na watoto wawili, akaona mmoja anamtosha. Mimi ndiye niliyebaki, nikaendelea kuosha vikombe. Na leo sijui nizifanye nini kumbukumbu zangu. Rundo lile nililofurahi ndani yake kuliko mahali popote ndilo lililokuwa linakuziba pumzi. Bado nalitamani, siwezi kukudanganya. Lakini sasa nikilikumbuka, nakusikia unakohoa katikati ya kuhesabu, na nashangaa kwamba siku zote kikohozi kile kilikuwemo na mimi nilikiruka.

Godoro la Mama nililirudisha stoo. Lile la sponji Baba alilichukua yeye. Huyu huyu aliyeliita sponji mkate usio na chumvi, aliyekataa miaka yote hata kulikalia. Alilisimamisha kwa ubavu kwenye kibaraza, kivulini, upepo unapopita, maana alisema jua kali linakula sponji. Asubuhi analigeuza, jioni analigeuza, kama mgonjwa asipate vidonda. Kisha anaingiza pua katikati, anavuta, anatikisa kichwa. "Bado." Chiriku naye anaingiza pua. "Bado, Babu." Kikohozi kilimwacha baada ya siku nne, lakini alilala kati yetu muda wote huo, na shemeji yako ana michubuko ya mateke ya kuonyesha.

Ilichukua siku kumi na nane. Siku ya mwisho Baba alivuta pua mara tatu, akaniita na mimi nivute. Hakuna kitu. Nilisikia harufu ya vumbi la kibaraza tu. Akalishonea mfuko wa kitambaa cha pamba nilichokwisha kukifua mara mbili, kwa ile sindano yake ndefu. Chiriku ndiye aliyetunga uzi. Tumeng'oa na kile kidirisha, shemeji yako ameweka kikubwa chenye wavu. Mtoto analala vizuri. Daktari amemsikiliza tena, akasema kifua ni safi.

Nilimwuliza Baba nikuandikie nini kwa niaba yake. Akasema niandike yote, nisitie sukari. Nikadhani amemaliza.

Juzi nikiwa nasuka kichwa cha mteja, Baba akatokea mlangoni pa saluni. Hajawahi kufika pale tangu niifungue, anasema ni nchi ya wanawake. Alisimama na kofia mkononi. Akasema, "Mwambie nilikuwa nakwenda."

"Unakwenda wapi, Baba?"

Alisema zile safari zake za kununua uzi kila mwisho wa mwezi zilikuwa kisingizio, maana uzi ulikuwa unauzwa hapa hapa mtaani. Alikuwa anapanda basi mpaka kwa Shangazi, anasimama ng'ambo ya barabara, mbele ya shule yako, kwenye kibanda cha fundi baiskeli. Anakungoja utoke. Hakuwahi kukuita, maana alijua ungemwomba mrudi pamoja, na asingeweza kukukatalia. Alikuwa anasikiliza tu unavyopita na wenzako. Anasema soksi yako moja ilikuwa haikai juu.

"Alikuwa anacheka, anakimbia, hakohoi," Baba akasema. "Basi. Nikishasikia hivyo, narudi."

Akavaa kofia, akaondoka. Nilishindwa kumaliza kichwa cha yule mteja, akaniambia niende tu, atakuja kesho.

Nisalimie sana shemeji wa huko na wanangu wote wawili, mkubwa na yule mtundu. Shangazi ukimpigia mwambie namwombea miguu yake. Chiriku anasema akutumie jino, nimemkatalia. Mungu akulinde, akupe pumzi ndefu na usingizi mtamu, na akufungulie njia ya kuja kutuona. Baba anakaa kibarazani siku nzima, akitazama barabara.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana,

Kibibi wa pili