Binti Giza Hayumo Kwenye Ile Katuni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hukupenda maneno marefu, lakini leo utavumilia kwa sababu nina kesi na wewe. Mwaka juzi tulikuzika Kondoa nikidhani nakujua nje ndani. Kumbe kuna jambo ulinificha tangu utotoni, na nimelijua juzijuzi tu, nikiwa nimekaa barazani kwangu hapa Miyuji na kikombe cha chai mkononi.

Unaikumbuka ile katuni ya Kijapani ya kijana mwizi? Ndiyo iliyokupa jina mjini. Kibanda cha video nyuma ya soko, wewe ndiye mtafsiri, kipaza sauti mkononi. Kijapani hukukijua hata salamu. Ulipunguza sauti ya deki, ukaangalia picha, ukawapa watu maneno yako mwenyewe. Mfalme ukamfanya aongee kama mwenyekiti wa mtaa, na walinzi wake wote wakawa wanakohoa kabla ya kudanganya. Yule mwizi sasa, kijana mtanashati mwenye ulimi wa asali, aliyeiba vito vya matajiri kisha akawapangia viatu vyao vizuri mlangoni kabla ya kutoroka, yeye ulimpa sauti yako halisi. Watu walivunjika mbavu.

Mimi sikuona picha hata moja. Nilizaliwa naona kidogo, na nilipofikia umri wa shule hata hicho kidogo kilikuwa kimekwisha. Mama hakutaka nikanyage kibandani, akisema si mahali pa mtoto wa kike. Ukamwambia, "Mama, atakaa nyuma ya pazia, pamoja na mimi. Nani atamgusa?" Basi kila Jumamosi alasiri nikawa nakaa hapo, bega limegusa spika, kifua kinatetemeka kila panga lilipogonga panga.

Halafu akaja Binti Giza. Mwizi alikuwa amejibanza kwenye ghala la mfalme, taa imezimika, na ghafla ukabana koo ikatoka sauti ya msichana: "Usipite huko. Kuna walinzi wawili, nawasikia wanavyopumua."

Jamaa mmoja wa mbele akapaza sauti, "Oya, mbona huyo msichana hatumwoni?"

Ukamjibu palepale kwenye kipaza sauti, "Yuko gizani, utamwonaje? Tulia umsikilize."

Wakatulia! Watu wazima, na macho yao mazima. Tangu siku hiyo, kila mwizi alipoingia mahali penye kiza walikuwa wakimsubiri Binti Giza, msichana asiyeona, anayejua mlango kwa upepo wake na kufuli kwa vidole vyake. Nilimpenda kupita kiasi. Nilizunguka nyumba yetu nikipapasa kuta kama yeye, na mama alipouliza ninafanya nini nikamwambia natafuta hazina.

Ulipofika wakati wa kunipeleka Buigiri, kwenye shule ya watoto wasioona, nilikumbatia mguu wa kitanda nikagoma. Baba alitumia ukali, mama akatumia machozi. Wewe ulichuchumaa tu kando yangu.

"Mwizi wamemkamata," ukasema. "Wamemfungia chini kabisa. Mlango wa gereza una nukta nukta, hazisomeki ila kwa vidole, na Binti Giza hajui kuzisoma. Sasa afanyeje?"

"Ajifunze."

"Basi achia kitanda."

Nikaachia. Mwisho wa hadithi ulinisimulia likizo ya kwanza, na kufikia hapo nilikuwa nimeshazijua nukta. Ndizo zilizonilea, kaka. Kwa nukta hizo nimepata kazi ya kupokea simu katika ofisi ya serikali, nalipa kodi yangu, na sina mtu wa kunishika mkono isipokuwa nikitaka mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kesi yetu. Neema, mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba cha jirani, aliipata ile katuni kwenye simu yake. Akawa ananisomea yale maandishi ya chini kwa Kiswahili. Tukafika ghalani, taa ikazimika, nikasogeza sikio kwenye simu. Mwizi akatoka nje na vito vyake.

"Rudisha nyuma," nikamwambia. "Umemruka Binti Giza."

"Nani huyo, dada?"

"Yule msichana asiyeona."

"Mbona hapa yuko peke yake? Hakuna msichana yeyote."

Tukaiangalia mpaka mwisho. Hayumo. Hata mlango wa nukta haupo. Mlinzi alisinzia tu na funguo zake, mwizi akajiondokea. Nilicheka mpaka chai ikamwagika mapajani, kisha nikalia. Kibanda kizima cha Kondoa ulikidanganya kwa ajili ya mtoto mmoja aliyekaa nyuma ya pazia. Nakupenda, na sijui kama niliwahi kukwambia.

Lakini sikuandiki ili tulie. Kuna Zuhura, binti yako. Macho yake yanafuata njia ileile ya macho yangu, na mama yake amemweka ndani kama yai. Nimempigia simu wifi mpaka nimechoka, kila mara, "Tutaangalia." Mimi na kuangalia wapi na wapi? Wiki iliyopita nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi la Kondoa.

Wifi alinipokea vizuri, ila nilipoitaja shule sauti yake ikabadilika. "Wifi, nimemzika baba yake. Huyu simpeleki akalale mbali na mimi."

Sikumlaumu. Ila sikuwa tayari kurudi mikono mitupu. Nikamwomba anikubalie jambo moja tu, nimsimulie mtoto hadithi ya baba yake. Akakubali, akakaa mlangoni akichambua mchicha. Nilipofika ghalani na kubana koo kama wewe, nikasikia mikono yake imesimama.

"Binti Giza!" akasema. "Mimi na dada yangu tulikuwa hatukosi. Watu wanasema hakuonekana, lakini mimi nilimwona mara moja. Alikuwa na kilemba chekundu."

Nikauma midomo. Kaka, ulikuwa mwizi kweli wewe.

Nikaendelea mpaka gerezani, kwenye mlango wa nukta, hapo nikanyamaza. Zuhura akanivuta gauni. "Shangazi, wewe unazijua hizo nukta?"

"Nazijua."

"Nani alikufundisha?"

"Buigiri. Wanafundisha kila mtoto anayekuja."

Akafikiri. Kisha akauliza, "Mama, viatu vyangu viko wapi?"

Nilimsikia wifi akiinuka, akaingia ndani, akakaa huko kitambo akivuta pumzi za mtu anayelia. Aliporudi, nilisikia viatu vikiwekwa mlangoni, kimoja, halafu cha pili kando yake, vimepangwa vizuri.

"Nitampeleka mwenyewe," akasema. "Nataka nikione kitanda atakacholala."

Kwa hiyo wako hapa kwangu sasa. Neema anamsuka Zuhura, wifi anakunja sare kwa mara ya nne na kumkaripia kila mtu. Kesho asubuhi tunakwenda Buigiri, na anayetaka kumrudisha huyu mtoto nyumbani aanze na mimi. Mwisho wa hadithi hajausikia. Nimemwambia mpaka likizo, akanuna, nami sikulegeza. Nitamsimulia mwisho ulionisimulia wewe, si ule wa mlinzi msinziaji.

Na siku atakapokuja kuniuliza kama Binti Giza yumo kwenye ile katuni, nitamjibu ulivyomjibu yule jamaa wa mbele. Atulie amsikilize.

Pumzika, mwizi wangu. Ule woga ulioniibia siudai tena.

Mdogo wako,
yule wa nyuma ya pazia