Nondo wa Bosi

Shosti, leo nimeshusha nondo, na nondo mwenyewe ni mdudu, ana mabawa!

Unakumbuka bosi alivyosimama mbele ya wageni wa makumbusho akadai YEYE ndiye aliyegundua kuwa nondo wa kisiwa kikubwa na wa kisiwa kidogo ni aina mbili? Yeye! Mimi naliwa na mbu kule visiwani nikiwakamata, yeye yuko kwenye kiyoyozi. Nikaenda kuandika. Si unanijua nikishika kalamu.

Kusema alisema, kuandika hakuandika. Na kwetu watafiti wa wadudu, anayeandika wa kwanza ndiye anayebatiza. Basi makala yangu imeshachapishwa, na leo mkutanoni nikatangaza: nondo wa kisiwa kidogo nimempa jina la bosi.

KASIMAMA AKAPIGA MAKOFI. Machozi yanamlengalenga, shosti! Machozi! "Binti yangu, umeniheshimu."

Mgeni mmoja akauliza huyo nondo ana sifa gani.

Nikajibu polepole: "Akishapata mabawa hatafuti chakula, hata mdomo hana. Anaishi kwa alichochuma kiwavi. Ila ikiwashwa taa, yeye wa kwanza kufika."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mikono ya bosi bado iko hewani!

Kanifuata koridoni. "Lifute!"

Nikamwambia, "Baba yangu, likishachapishwa halifutiki. Sisi tutakufa, jina litabaki."