Bwana Barafu na Maalim Ubani

Mombasa, 9 Februari 1971

Kwa dada yangu mpenzi Jokha,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na mama. Mimi hapa sijambo, ila kazi ya kiwanda cha chapa inanisimamisha mchana kutwa na jioni miguu inanidai. Je, mama macho vipi? Lile jicho la kulia bado linaona? Na ruhusa ya safari imefikia wapi? Daktari wa hapa nimeshazungumza naye. Anasema mtoto wa jicho ni kazi ya asubuhi moja, ilimradi mgonjwa afike.

Wakati mnangoja nakuletea kitu cha kukutoa upweke. Usicheke. Mwalimu mmoja Mzungu alileta kwetu kitabu kidogo cha kanuni za mchezo alioubuni na wanafunzi wake, na mimi ndiye niliyekipanga herufi. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilikuwa nimeshanaswa.

Uko hivi. Mji mkubwa umehamwa, watu wamekwenda zao, hazina zimebaki majumbani. Wachawi wawili mahasimu wanauingia, kila mmoja kwa upande wake. Mchawi ana mwanafunzi mmoja na watumishi wanne. Kila zamu anatembea mchawi kwanza, kisha mwanafunzi, kisha watumishi, inchi sita tu. Wakipigana, kila upande unatupa dadu na mwenye nyingi ndiye mshindi. Kila mchawi ana chuo chake: huyu wa baridi, yule wa moto, mwengine wa usingizi. Dadu lisipofika nne, uchawi haukubali. Lakini kushinda si kuua, dada. Anayeshinda ni yule anayevuka ukingo wa meza akatoka na hazina mkononi.

Wangu nimewasubu kwa herufi za risasi zilizochakaa, ambazo kazini huziyeyusha. Mchawi wangu ni Bwana Barafu, ndevu zinamfika magotini. Tafuta wako, tucheze kwa barua. Kila mtu atajitupia dadu lake, na Mungu anamwona.

Nduguyo mdogo,
Suud

* * *

Mkunazini, Unguja, 2 Machi 1971

Mdogo wangu Suud,

Waalaykum salaam. Sisi alhamdulillahi, ila mama hata lile la kulia limeanza kuona ukungu. Siku hizi ananitambua kwa hatua. Ruhusa nimeambiwa mwezi ujao. Mwezi uliopita pia niliambiwa mwezi ujao, lakini safari hii karani alinitazama usoni, nikaona labda ni kweli.

Ama wewe! Mtu mzima, ndevu zimekutoka, unacheza na wanasesere? Nilicheka mpaka mashine ya kushonea ikakata uzi. Kisha usiniulize ilikuwaje, nikajikuta napanga maganda ya viberiti kama nyumba juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Mama alipapasa akauliza ni nini. Nikamwambia wachawi. "Astaghfirullah! Ndani ya nyumba yangu?" Nikamwambia ni wa mchezo, mama, wa mti. Akafikiri sana, akasema, "Basi wasiwe na sura." Kwa hiyo wangu ni vibiringo vya uzi, vile vya mti, uzi ukishakwisha. Mkubwa ni Maalim Ubani, nimemfunga kilemba cha kitambaa kilichobaki katika nguo ya harusi ya binti wa Bi Kazija. Chuo chake ni cha moshi: akifukiza, moshi unatanda na aliye upande wa pili haoni kitu. Mwanafunzi wake ni kibiringo kidogo, anaitwa Kidude. Watumishi ni vifungo vinne vya koti. Napima inchi kwa futi yangu ya kushonea.

Dadu ananitupia mama. Anasoma nukta kwa kidole, na akipata sita anapiga vigelegele. Muda mrefu sijamsikia akipiga vigelegele.

Niambie mji wenyewe ukoje, niupange.

Dada yako,
Jokha

* * *

Mombasa, 20 Machi 1971

Kwa dada Jokha,

Assalaam alaykum, na baada ya salamu, mbusu mama mkono. Mimi mzima, mafua kidogo tu.

Nilifikiri mji gani tuutumie, nikaona kwa nini tubuni? Ndani ya bahasha nimekuchorea mtaa wetu kama ninavyoukumbuka: nyumba yetu, kisima, msikiti, pembe ya posta, mpaka ngazi za bandarini. Nilichora huku machozi yananitoka, kisha nikajicheka mwenyewe. Nyumba zenye msalaba ndizo zenye hazina.

Zamu yangu ya kwanza: Bwana Barafu anapanda ngazi za bandarini na watu wake. Wawili wanashika pembe ya posta. Wawili wanajificha nyuma ya msikiti. Mwanafunzi anapanda dari ya Bi Kazija kuangalia njia. Nikipata dadu zuri, mji wangu huo!

Nijibu upesi.

Nduguyo,
Suud

* * *

Mkunazini, Unguja, 18 Juni 1971

Mdogo wangu Suud,

Waalaykum salaam. Mimi na mama hatujambo. Najua umengoja sana, nisamehe.

Barua yako ya Machi haikuja mlangoni. Niliisomea afisini, mezani kwa Bwana Jecha, ambaye ndiye anayeangalia barua za nje. Watu wake walinifuata asubuhi, nikakaa huko siku ambazo sitaki kuzihesabu. Mama alilishwa na Bi Tabia wa jirani.

Mchoro wako ulikuwa umetandazwa mbele yake. Akaniuliza, "Huyu Bwana Barafu nani? Anakaa mtaa gani?"

"Hakai popote, bwana. Ni mchezo."

"Mchezo! Watu wawili pembe ya posta, wawili nyuma ya msikiti, mmoja juu ya dari, we unaniambia mchezo?"

"Naam, bwana. Waambie wakaniletee vitu vyangu nyumbani, nkuoneshe."

Wakavileta ndani ya kikapu. Nikampangia mezani kwake, maganda ya viberiti, vibiringo na vifungo. Nikacheza pande zote mbili peke yangu. Alitazama, uso mkavu. Nilipofukiza moshi ndipo akainama. "Sasa moshi ushatanda, mtu wangu anaweza kurusha mshale?" Nikasema hawezi, haoni. Akaguna. "Basi mimi n'takuwa mchawi wa namna gani?"

Hapo nikajua nimepona. Nikajua pia kwamba sitatoka mikononi mwake upesi.

Sasa kila Alhamisi baada ya alasiri nakwenda kucheza naye. Ameniruhusu kukuandikia. Anaomba umletee kitabu chenyewe cha kanuni. Mchoro utabaki kwenye faili. Safari ya mama inangoja uchunguzi umalizike, na lini utamalizika hakusema.

Bwana Jecha anakusalimu. Anasema unachora vizuri, ila kisima umekikosea mahali.

Dada yako,
Jokha

* * *

Mombasa, 4 Julai 1971

Kwa dada yangu Jokha,

Assalaam alaykum. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaketi. Nisamehe. Nilikuwa nauchora mtaa wetu tu, sikufikiri kama kuna mtu mwengine atautazama. Mama amesemaje? Ananilaani?

Kitabu cha kanuni nimekitia humu. Salamu zake Bwana Jecha na mimi namrudishia, na kisima nimekubali.

Lakini dada, ikiwa unacheza naye, mpige! Wewe tangu utotoni hushindwi karata, hushindwi bao. Maalim Ubani na moshi wake hawezi kufungwa na mtu aliyeanza juzi. Mpige mara moja tu, mwanamme yeyote akifungwa huheshimu.

Nduguyo,
Suud

* * *

Unguja, 28 Novemba 1971

Suud,

Barua hii haipiti posta. Anakuletea Bi Tabia mkononi, na mama yuko pamoja naye. Ndiyo, mama. Mshike vizuri kwenye ngazi za meli, anajidai anaona.

Sijambo, na sitakuuliza hali, nina mengi.

Uliniandikia nimpige. Nilikasirika, mdogo wangu, mpaka nikaichana barua yako. Umesahau kwenu? Nimpige mtu mwenye faili la mama ndani ya mtoto wa meza yake? Tangu Juni nimekuwa nikifungwa kila Alhamisi. Nampeleka Maalim Ubani pale ninapojua atapigwa. Nasahau zamu yangu ya moshi makusudi. Naye anafurahi kama mtoto siku ya Idi, anaagiza kahawa, ananieleza mimi makosa yangu. Kuna Alhamisi narudi nyumbani nimeuma midomo mpaka imevimba.

Na kanuni amebadilisha. Alisoma kitabu chako, akafika pale pa kutoka nje ya ukingo, akapapiga kalamu. "Atoke aende wapi?" akaniambia. "Hapa hatoki mtu bila ruhusa." Ameweka mlinzi kila pembe ya meza. Kwa hiyo tunapigana humo humo, tunazunguka na hazina mikononi mpaka aliye dhaifu amalizike. Siku ile nilikaa natazama vile vibiringo, nikaomba ruhusa ya kunywa maji.

Mtaani nako kumefungwa. Wameniona ninavyoingia afisi ile kila Alhamisi na kutoka kwa miguu yangu, basi wameshanipa kazi. Wengine wanasema napeleka maneno. Wengine wanasema jambo jengine, hilo sitaliandika. Bi Kazija alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata. Nikipita, baraza linanyamaza. Siwalaumu, na mimi ningenyamaza.

Baada ya Idi alinifunga vibaya kuliko siku zote, akacheka mpaka akafuta macho. Nikaona ndio sasa. Nikamwomba. Akatazama dirishani, akasema mama aende, Bi Tabia amshike mkono, mimi nibaki. Nimetia saini kuwa ikipita miezi mitatu hajarudi, nitajibu mimi, na mimi mwenyewe sitaomba tena ruhusa ya kusafiri maisha.

Sikiliza basi. Asirudi. Macho yakipona atataka kurudi, unamjua. Mzuie. Hajui nilichotia saini na usimwambie. Kule kwenye kanuni zako mchawi anaweza kubaki katikati ya mji akiwashughulisha walinzi, mwanafunzi akatoka na hazina. Nimefanya hivyo tu. Kidude nimemtia mkobani mwa mama, utamkuta chini ya dawa.

Naogopa, Suud. Sijamwambia mtu mwengine. Usinijibu haya kwa posta.

Dada yako,
Jokha

* * *

Mombasa, 6 Januari 1972

Kwa dada yangu mpenzi Jokha,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima wa afya. Sisi wazima sote.

Mama anaona. Walipomfungua bandeji alinitazama muda, akasema, "Umekonda, na hilo shati nani kakushonea?" Bi Tabia alilia, mimi nilijifanya nafunga viatu. Siku hiyo hiyo mama akaniomba nimpe Kidude. Akamgeuza geuza. "Mbona hana sura?" Nikamwambia si wewe uliyekataza? Akacheka. Sasa analala naye chini ya mto, hataki kusema kwa nini.

Kila asubuhi ananiuliza meli ya Unguja lini. Namwambia daktari hajamruhusu, upepo wa baharini utamharibia macho. Jana aliniuliza upepo wa Mombasa unatoka wapi kama si baharini.

Bwana Barafu nimemtia kabatini. Sina hamu ya kucheza.

Nduguyo,
Suud

* * *

Mkunazini, Unguja, 3 Machi 1972

Mdogo wangu Suud,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, nala na kulala. Mbusu mama macho yote mawili.

Jana Alhamisi niliitwa, mara ya kwanza tangu mama aondoke. Muda ulishapita. Bwana Jecha alikuwa na faili mbele yake. "Mama yako hajarudi."

"Hajarudi, bwana."

"Atarudi?"

Akaandika, akanigeuzia, nikatia saini. Jina langu sasa limo kwa wale wasiotoka. Cherahani wataichukua Jumatatu, ndiyo faini yenyewe. Nilidhani nitalia, ikawa natazama tu wino ukikauka.

Kisha akafunga faili, akavuta kikapu, akaanza kupanga maganda ya viberiti. Hivi hivi! Akahesabu watu wangu. "Yule mdogo yuko wapi?"

"Ametoka."

Alinitazama sana, kisha akatupa dadu.

Suud, nilicheza. Tangu Juni sikuwa nimecheza, nilikuwa nasukuma vibiringo tu. Zamu ya tatu nilishachukua hazina kwenye nyumba yetu. Zamu ya sita walinzi wake wote walikuwa upande wa posta, kwa sababu ndiko nilikowavuta. Nikafukiza. Dadu likaja tano. Moshi ukatanda meza nzima, na Maalim Ubani akapita kando ya kisima, akashuka ngazi za bandarini, akavuka ukingo. Nikamdaka, nikamtia mkobani.

"Kanuni hairuhusu," akasema.

"Kanuni yako, bwana. Si ya mchezo."

Kahawa ilipoa. Baadaye akasema, taratibu, "Alhamisi ijayo uje."

"N'takuja, bwana. Niende wapi?"

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nimepita mbele ya baraza, wamenyamaza, nami nimewapa salamu kwa sauti mpaka wakaitikia. Nyumba kubwa hii kwa mtu mmoja. Nimemweka Maalim Ubani dirishani.

Na wewe Bwana Jecha, najua unasoma hapa kabla ya ndugu yangu. Mara zote zile nilikuwa nakuachia.

Suud, mtoe Bwana Barafu kabatini. Mama akutupie dadu, na sasa asome nukta kwa macho. Zamu yako.

Dada yako,
Jokha