Mshiko wa Nne

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kwamba mgongo umekuachia walau ukae nje asubuhi. Shangazi mwambie sweta imenitosha. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na hasira ninazo pia.

Baba mdogo amenifikishia maneno yako yote, hakupunguza hata moja. Kwamba ule wimbo wako wa bluzi uliomtungia marehemu mama niupige ulivyoniachia, kwa mishiko yake mitatu ya vidole kwenye nyuzi za gitaa, la sivyo gitaa lako lirudi nyumbani kabla hatujarekodi Jumamosi. Kwamba madoido ya jazi ni ya kujionyesha tu.

Haya. Maneno sijayagusa, mwendo sijaugusa. Ila pale unapoimba kwamba kitanda kimekuwa kipana, mshiko wako wa tatu unatulia upesi mno, kama mtu aliyekwisha kupoa. Mimi sijapoa, baba. Nikainua kidole kimoja, nikasogeza kingine juu zaidi, ukatoka mlio usiojua pa kukaa. Mpiga besi wetu alininunia siku mbili, akidai namtia kizunguzungu. Siku ya tatu nilimkuta akiuimba mlio huohuo huku akifunga kamba za viatu.

Sasa nikuambie nililokuficha. Wiki iliyopita nililipeleka gitaa kwa fundi. Alipotoa nyuzi na kusafisha shingo, aliniuliza nani alikuwa akilipiga. Nikamwambia ni baba yangu, mtu wa mishiko mitatu tu, wala hataki kusikia mwingine. Jamaa alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Akanionyesha mbao ilivyoliwa na vidole huko juu, mahali ambapo mishiko yako mitatu haifiki kabisa. Nami gitaa ninalo miezi miwili tu.

Nikaweka vidole vyangu kwenye vishimo vile, kimoja kimoja. Vikaenea. Ni mshiko wangu, baba, uleule. Sijui ulikuwa ukiwaficha wanabendi wenzako, au sisi tuliokuwa tukimlilia mama chumba cha pili. Tungeusikia, tungejua hatulii peke yetu.

Kwa hiyo gitaa silirudishi. Jumamosi nitaupiga hivyohivyo, tena kwa sauti. Ukitaka kunikataza, njoo mwenyewe, ukae kwenye kiti nitakachokuwekea, ulishike gitaa, kisha unikataze.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na dawa ya mgongo usiache.

Ni mimi, mwanao mbishi,
uliyemfundisha mitatu ukamficha wa nne.