Neno Lililofanana na Kiingereza

Rwamishenye, Bukoba
3 Juni 2024

Taata, shikamoo. Masikio yanaendeleaje? Najua kwenye simu hunisikii, ndiyo maana barua hii nampa kondakta wa basi. Mimi mzima.

Kazi ya kumtunza bibi wa Kihispania, Mama Pilar, naiweza. Shida ni lugha. Mwanawe, Íñigo, amekwenda Kigali siku nne na hapatikani. Ameniachia karatasi aliyoandika haraka kwa lugha yao: “Mamá está constipada.” Neno hilo mbona kama la Kiingereza? Simu yangu ni kitochi, haitafsiri. Bibi anakohoa na hataki kula. Nimpe nini? Mwalimu wa Kiingereza ni wewe.

Binti yako,
Annastella

Muleba
4 Juni 2024

Binti yangu, nimefurahi kukusoma. Huku hatujambo, ila upepo umeangusha migomba mitatu. Mama yako anakusalimu.

Hapo hapana ugumu. Kihispania na Kiingereza vina maneno mengi ya pamoja. Constipada ndiyo constipated: amefunga choo, ndiyo maana hataki kula. Nunua dawa ya kulainisha choo, mpe asubuhi na jioni, pamoja na papai. Kikohozi cha wazee kisikutishe.

Baba yako,
Mwalimu Rutaihwa

Rwamishenye
19 Juni 2024

Taata, shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Mama Pilar amefariki.

Nilimpa dawa siku tatu. Akaharisha, nikadhani inafanya kazi. Íñigo aliporudi alimkuta hajitambui. Daktari alisema kifua kilikuwa kimejaa, na kule kuharisha kukammaliza. Íñigo akanishikia ile karatasi mbele ya macho: “Nilikuandikia ana mafua!” Kwao neno lile ni mafua, Taata. Kufunga choo wana neno lingine.

Polisi wamenihoji mara mbili. Wameuliza nani alinishauri. Nimesema nilibahatisha mwenyewe. Barua yako nimeichoma. Wewe nyamaza tu, uliniambia unachokijua.

Binti yako,
Annastella

Muleba
22 Juni 2024

Mwanangu, hata kukuuliza hali naona haya.

Jana nilikwenda Bukoba, nikawaambia polisi ushauri ulikuwa wangu. Wameandika maelezo. Íñigo alikuwa amekaa kwenye benchi. Aliniuliza tu, “Mzee, kwa nini?” Nilitoka nikapanda basi bila kupita kwako.

Wewe nakujibu. Sikuwa na hakika. Kihispania sijasoma hata ukurasa mmoja. Padri Lwakatare alisomea Hispania, na parokiani ni mwendo wa robo saa. Nilivaa viatu nimfuate, nikavivua. Miaka thelathini na moja darasani, watu wananiita kamusi. Niliona aibu kumwandikia mtoto wangu kwamba sijui.

Jumapili ya tarehe 30 nakuja kukuchukua, turudi nyumbani.

Baba yako

Bakoba, Bukoba
26 Juni 2024

Baba,

Nimeisoma. Polisi wamesema hawanihitaji tena. Íñigo ameondoka na mwili wa mama yake. Niko kwa Ephrasia, niliyesoma naye.

Kukosea ningekusamehe siku ileile. Mimi pia nilikisikia kile kikohozi, usiku na mchana, nikafuata barua yako. Lakini niliwadanganya polisi kwa sababu niliamini ulijua.

Asubuhi ya mwisho Mama Pilar alinishika mkono, akawa anasema neno moja, analirudia. Sikulielewa. Nikafikiri anaomba dawa, nikampa.

Jumapili usije.

Annastella