Kilio cha Injini

Mjukuu wangu Ilunga,

Huku mtaani Hewa Bora tunaamka vizuri. Mguu wa mama yako umepona, na mahindi ya nyuma ya nyumba yamezaa. Unauliza kama utie sahihi karatasi ya muuzaji, inayosema injini ya gari lako jipya imekufa kwa kosa lako.

Nikiwa kijana, teksi mpya ya babu yako nayo ilikufa injini ndani ya garanti. Muuzaji akasema tulitia mafuta mabaya.

"Mulifungua moteur, injini yenyewe?" nikamwuliza.

"Bado."

Basi alijuaje? Garanti ni ahadi ya mtengenezaji. Anayesema umeharibu wewe, akuonyeshe ulipoharibu.

Tulikokota gari hadi mlangoni pa muuzaji, mjini. Kesho yake nikaja na akina mama wa parokia, tukatandika mikeka, tukalia kama kwenye kilio chochote. Wanunuzi wakasimama.

"Nani amekufa?"

"Moteur! Ilikuwa na miezi tatu tu, mutoto kabisa!"

Muuzaji akatoka mbio. "Bamama, mutoke hapa!"

"Patron, maiti iko kwako. Tukalilie wapi?"

Siku ya tatu waliifungua mbele yetu. Fundi wao mwenyewe akatoa pistoni yenye ufa, akanong'ona, "Hii ilitoka hivi kwenye kiwanda." Tukapewa injini mpya.

Usitie sahihi, Ilunga. Waifungue ukiwa umesimama pale. Wakikataa, niite: mikeka ningali nayo, na sauti pia.

Nyanya yako, Kambo